MTI HAUENDI ILA KWA NYENZO
Namna ya kuchagua vyombo vya mkono vya kubingirishia na kuhamishia magogo mazito

Mtu ashukapo kutoka mlima Elgon kwenda Kitale, au afuatapo barabara ya kutoka Webuye kwenda Bungoma, ataona kando ya njia mali ya namna moja imelala: magogo. Mengi ni ya mikaratusi, mengine ni ya misaipresi na misonobari, na huku chini upande wa Bungoma huonekana mara moja moja gogo la mvule. Nchi hii ina sifa ya miti tangu zamani. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 ilikuta misitu mikubwa ya Elgon na Cherangani, na kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009, kilikula magogo mchana na usiku. Serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, na tangu hapo wanunuzi wengi wa mbao waligeukia miti iliyopandwa mipakani mwa mashamba ya watu.

Basi leo mkulima wa Kiminini, Kwanza, Kimilili au Chwele aweza kuwa mwenye mbao bila ya kuwa na msitu. Lakini mti uliosimama ni jambo moja, na gogo lililofika barabarani ni jambo jingine. Mwenye mti asiyekuwa na njia ya kulitoa gogo shambani hulazimika kuuza mti wake ungali umesimama, kwa bei apendayo mnunuzi. Wengine hukusanya vijana kumi, wakaliinua gogo kwa mabega na kwa kelele, na jioni mmoja wao hurudi nyumbani akichechemea. Mguu uliopondwa na gogo hauponi upesi, na mgongo ulioteguka huenda usipone kabisa.

Makala haya yanaeleza vyombo vya mkono vinavyofaa kazi hiyo, jinsi ya kuvichagua, na jinsi ya kuvitumia bila hatari. Wahenga wa pwani walisema, "Mti hauendi ila kwa nyenzo." Neno hilo nyenzo lilikuwa na maana mbili kwao: miti ya kuinulia kitu kizito, na miti ya mviringo ya kukibingirishia. Walijua maana yake kwa sababu waliyavuta majahazi yao kwa miti hiyo. Nasi wa bara tunahitaji elimu ile ile.

KWANZA PIMA MZIGO

Kabla ya kununua chombo chochote yafaa kujua uzito wa kitu unachotaka kukihamisha. Mafundi wa mbao hupima kwa futi na inchi, basi tufuate kipimo chao. Gogo la mkaratusi lililokatwa jana, lenye urefu wa futi 10 na kipenyo cha inchi 20, lina uzito wa karibu kilo 600. Mkaratusi mbichi umejaa maji, hata uzito wake hukaribia uzito wa maji yenyewe kwa ujazo ule ule. Kilo 600 ni karibu magunia saba ya mahindi, kila gunia kilo 90, nayo yameshikamana kuwa kitu kimoja kisicho na mahali pa kushika.

Sasa tazama gogo la urefu ule ule, lakini lenye kipenyo cha inchi 10. Uzito wake ni kilo 150 hivi. Unene umepungua nusu, lakini uzito umebaki robo tu. Hili ndilo jambo linalowadanganya wengi: hutazama gogo lililozidi kidogo unene wa lile la jana, wakadhani na uzito umezidi kidogo. Ukizidisha unene mara mbili, uzito huzidi mara nne.

Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa kawaida mzigo unaozidi kilo 55. Kwa kipimo hicho gogo dogo la kilo 150 ni mzigo wa watu watatu walio na nguvu, na lile la kilo 600 ni mzigo wa watu 11. Watu 11 hawapati hata nafasi ya kulizunguka gogo la futi 10. Kwa hiyo gogo kubwa halibebwi. Huinuliwa upande mmoja, au hubingirishwa, au huvutwa.

MTAIMBO

Chombo cha kwanza ni mtaimbo, nao unajulikana na kila mtu. Chagua ule wa futi 5, wenye ncha iliyobapa kama patasi upande mmoja. Mtaimbo mfupi ni rahisi kuuchukua, lakini hauna nguvu. Na ule mrefu mno huchosha mikono bure.

Nguvu ya mtaimbo hutoka katika egemeo, yaani gogo dogo au jiwe unaloliweka chini yake. Mtaimbo wa futi 5 una inchi 60. Ukiweka egemeo inchi 6 kutoka kwenye ncha, zitabaki inchi 54 upande wa mikono yako, nazo ni mara tisa ya zile sita. Mtu akiuegemea mwisho wake kwa uzito wa kilo 35 tu, ncha itainua kilo 315. Mwisho mmoja wa lile gogo letu la kilo 600 ni kilo 300. Hivyo mtu mmoja, pasipo kutoa jasho jingi, aweza kuinua mwisho wa gogo ambalo vijana sita wangelishindana nalo.

Lakini hakuna cha bure. Ili gogo lipande inchi 2, mikono yako lazima ishuke inchi 18. Kwa sababu hiyo huinuliwi gogo mara moja. Inua kidogo, mwenzako aingize kabari, kisha shusha, sogeza egemeo, uinue tena. Egemeo liwe la mti mgumu na pana chini yake, maana katika udongo wa Trans Nzoia wakati wa mvua jiwe dogo huzama kama kisu katika siagi. Usitumie kipande cha tofali: hupasuka ghafula.

KULABU YA KUGEUZIA

Mtaimbo huinua, lakini haugeuzi vizuri, kwa kuwa huteleza juu ya gamba la mti. Kazi ya kugeuza na kubingirisha ina chombo chake. Nacho ni mpini wa mti wenye urefu wa futi 4 au 5, na karibu futi moja kutoka mwisho wake wa chini imefungwa kulabu ya chuma inayocheza kama bawaba. Unauegemeza mwisho wa mpini ubavuni mwa gogo, unaiangusha kulabu iume upande wa pili, kisha unausukuma mpini. Kadiri unavyosukuma ndivyo kulabu inavyozidi kuuma. Na ukiurudisha mpini nyuma, kulabu hujiachia yenyewe. Mtu wa pili hushika kwa kulabu yake wakati wa kwanza anapobadili mahali, na gogo halipati nafasi ya kurudi.

Chombo hiki kina aina mbili. Ya kwanza ina mdomo mfupi wa chuma mwishoni mwa mpini, nayo ni ya kugeuzia magogo katika nchi kavu. Ya pili ina mwiba mrefu wa chuma mahali pa mdomo huo. Hiyo husimuliwa kwamba ilitengenezwa karibu mwaka 1858 na mhunzi mmoja wa Marekani, Joseph Peavey, wa mji wa Stillwater katika jimbo la Maine, alipoona watu waliokuwa wakielesha magogo mtoni wakihangaika na kulabu iliyoyumba huku na huku. Aliifunga kulabu isiyumbe, ikawa inapanda na kushuka tu, akaongeza na mwiba wa kuchomea na kutengulia magogo yaliyokwama.

Kwa mkulima wetu, aina ya kwanza yafaa zaidi. Hapa magogo hayaeleshwi mtoni, na mwiba hutoboa mbao njema na kuzama katika udongo. Aina ya mwiba yawafaa wale wenye chungu kubwa za magogo kwenye mashine za kupasulia, ambao kazi yao ni kuyatengua magogo yaliyobanana.

Ukubwa wa kulabu ufuate unene wa magogo yako. Kulabu ndogo haifiki upande wa pili wa gogo nene, hukwaruza gamba na kuteleza. Na aliyeegemea mpini kwa uzito wake wote huanguka kifudifudi. Kulabu kubwa mno kwa gogo jembamba hulizunguka bila ya kuuma. Ukienda kwa fundi, chukua kipimo cha gogo lako nene na cha gogo lako jembamba, umwonyeshe.

KUMCHAGUA FUNDI NA MPINI

Kulabu hizi hazipatikani katika kila duka la vyombo vya chuma, lakini mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma waweza kuzitengeneza, mradi waonyeshwe mfano. Chuma kifaacho ni kile cha springi za lori. Mwulize fundi mambo matatu.

La kwanza, jinsi atakavyokipoza chuma. Chuma cha springi kikitiwa majini kingali chekundu sana huwa kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Fundi ajuaye kazi hukipasha moto tena kidogo baada ya kukipoza, ili ugumu upungue na chuma kiweze kuvumilia. La pili, ncha ya kulabu. Iwe kali ya kuuma gamba, lakini isiwe nyembamba kama sindano, maana itapinda siku ya kwanza. La tatu, bawaba. Ifungwe kwa bolti nene yenye nati, wala si kwa msumari uliopindwa. Msumari ukikatika, mpini hubaki mkononi na gogo huenda litakako.

Mpini uwe wa mti mgumu, mkavu, ulionyoka, usio na fundo, na nyuzi zake ziende moja kwa moja toka mwanzo hata mwisho. Mpera hufaa, na mzeituni mwitu wa milimani hufaa zaidi. Usikubali mpini uliopakwa rangi, kwa kuwa rangi huficha nyufa. Ulainishe kwa kipande cha chupa, kisha upake mafuta. Wengine hupenda mpini wa bomba la chuma kwa sababu hauvunjiki. Ni kweli, lakini ni mzito, huteleza wakati wa mvua, na bomba jembamba hupinda bila ya kunyoka tena.

MITI YA MVIRINGO, KOLEO NA KABARI

Gogo likitakiwa kwenda mbele kwa urefu wake, kama vile kupita katikati ya mahindi au katika mlango wa boma, halibingirishwi. Huwekwa juu ya miti ya mviringo. Kata vipande vinne au zaidi vya mkaratusi, vyenye unene wa inchi 4 au 5 vilivyolingana, uvitoe gamba. Katika matope tandika mbao mbili chini yake kama reli. Gogo linapokwenda mbele, mti wa nyuma hubaki. Uchukue na uupeleke mbele. Ukitaka gogo lipinde njia, weka mti wa mbele mshazari. Ushike mti huo kwenye ncha zake, wala usiupitishe mkono chini ya gogo linalokwenda.

Kwa magogo madogo na milingoti ya umeme iliyo myembamba, koleo la kubebea ni chombo chema. Ni kulabu mbili zilizofungwa pamoja mfano wa mkasi, na juu yake mti wa kushikwa na watu wawili. Uzito wenyewe ndio unaobana koleo. Makoleo mawili na watu wanne yatachukua lile gogo la kilo 150, kila mtu akiwa na chini ya kilo 40, naye husimama wima badala ya kuinama.

Kabari ndicho chombo cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kila gogo lililosimama mahali penye mteremko liwe na kabari mbili upande wa chini, hata kama mnakwenda kunywa maji tu.

KULIPANDISHA GOGO KWENYE LORI

Hapa ndipo wengi huumia, na hapa ndipo maarifa yanapookoa nguvu nyingi kuliko mahali pengine. Tuseme kitanda cha trela kiko juu futi 4. Chukua miti miwili imara yenye urefu wa futi 16, uiegemeze kwenye trela. Urefu ni mara nne ya kimo, kwa hiyo gogo la kilo 600 litahitaji nguvu ya kilo 150 kulipandisha, na zaidi kidogo kwa ajili ya msuguano.

Sasa ongeza kamba mbili. Funga mwisho wa kila kamba kwenye trela, ipitishe chini ya gogo, uirudishe juu yake mpaka kwa wavutaji waliosimama upande wa pili wa trela. Gogo limekuwa kama kapi, nayo nguvu inayohitajiwa hupungua nusu tena: kilo 75 kwa kamba mbili, yaani chini ya kilo 40 kwa kila kamba, pamoja na ile ya msuguano. Watu wanne hupandisha gogo ambalo 11 wasingeweza kulibeba. Mtu mmoja hufuata kila upande na kabari ndefu, akisimama kando ya ncha ya gogo. Asiwepo mtu yeyote nyuma yake. Kamba ikikatika, gogo litarudi kwa upesi kuliko aliyeitoa, na hapana kulabu wala mkono utakaolizuia.

Kamba ziwe nene na mpya. Ikunjue kila moja na uitazame ndani ya nyuzi zake kabla ya kazi, kwa kuwa kamba huoza ndani ingali njema kwa nje. Kamba iliyotumiwa kufungia ng'ombe mwaka mzima katika mvua si ya kazi hii.

MAKSAI NA WINCHI

Katika sehemu nyingi za Bungoma na Trans Nzoia maksai wa plau wapo, nao huvuta gogo vizuri likiwa limeinuliwa mbele. Pandisha mwisho wa mbele juu ya panda ya mti, ili usichimbe udongo, uufunge kwa mnyororo. Mnyororo ni bora kuliko kamba kwa sababu haukatwi na mawe. Mwongozaji asitembee kati ya ng'ombe na gogo, wala upande wa chini wa mteremko. Katika mteremko mkali usiwatumie kabisa, maana gogo litawafikia miguuni.

Winchi ya mkono yenye waya hufaa mahali ambapo ng'ombe hawawezi kufika, kama bondeni au katika makorongo ya Cherangani. Ni chombo cha bei kubwa, basi afadhali kinunuliwe na kikundi. Waya uliovutwa ukikatika huchapa kama mjeledi wa chuma. Watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa waya wenyewe, na mwenye winchi avae glavu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kabla ya kuligusa gogo, tazama litakwenda wapi likikuponyoka. Simama upande wa juu siku zote. Sukuma gogo liende mbali nawe, wala usilivute kuja miguuni pako. Mpini ukipokonywa mkononi, uache uende. Gharama ya mpini ni ndogo kuliko ya taya. Awepo mtu mmoja tu wa kutoa amri, na wengine wanyamaze. Watoto, ambao hupenda kukaa juu ya magogo, waondolewe kabla ya kazi kuanza na wakatazwe kuchezea chungu ya magogo hata siku ya mapumziko.

Fanyeni kazi hii wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hata Februari, ardhi ikiwa ngumu. Gogo lililoachwa likauke miezi michache hupungua uzito pia. Tena, kabla ya kukata na kusafirisha, uliza katika ofisi ya misitu iliyo karibu habari za vibali, maana lori lililozuiwa njiani hula faida yote. Na mwenye kuajiri watu akumbuke kwamba sheria mbili za Kenya za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa majeraha ya kazini, zinamhusu hata kama kazi ni ya siku moja.

NINI CHA KUNUNUA KWANZA

Mwenye miti michache hana haja ya vyombo vyote hivi. Aanze na mtaimbo mmoja wa futi 5, kulabu mbili za kugeuzia, kamba mbili njema, na kabari nne alizozichonga mwenyewe. Miti ya mviringo ataikata katika shamba lake. Majirani watano wakichanga, waweza kuongeza makoleo mawili na mnyororo, na baada ya mavuno mawili au matatu, winchi. Vyombo hivyo viwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, naye avitazame kila vinaporudi: mpini una ufa, bolti imelegea, ncha imepinda? Chenye kasoro kisitoke tena mpaka kitengenezwe.

Mkulima mwenye vyombo hivi hasubiri tena mnunuzi amwambie kwamba mti wake uko mbali na barabara. Atalifikisha gogo barabarani kwa mikono ya jamaa zake, watapatana bei likiwa mbele ya macho yao wote, na jioni kila mtu atarudi nyumbani kwa miguu yake miwili.